Kisima Kilichoitikisa Denver

Jeshi la Marekani lilikuwa na maji machafu na halikujua pa kuyapeleka. Habari yote inaanzia hapo.

Mwaka 1942, Vita Kuu ya Pili ikiwa imepamba moto, jeshi hilo lilijenga kiwanda cha silaha za kemikali kwenye tambarare iliyo kaskazini-mashariki mwa mji wa Denver, jimbo la Colorado. Mahali hapo pakaitwa Rocky Mountain Arsenal. Palitengenezwa gesi ya haradali na mabomu ya moto. Vita vilipokwisha, katika miaka ya 1950, ikaja zamu ya sarin, sumu ambayo tone lake dogo latosha kuua mtu. Kazi ya namna hiyo haikosi masalio. Kwa miaka mingi maji yenye sumu yalimwagwa tu katika mabwawa ya wazi yasiyosakafiwa, yakawa yanazama ardhini taratibu. Mwaka 1954 wakulima wa jirani walimwagilia mashamba kwa maji ya visima vyao, na mazao yakafa. Sumu ilikuwa imeshawafikia chini kwa chini.

Jeshi likajenga bwawa jipya lililotandikwa lami. Halikutosha. Ndipo likaja wazo lililoonekana la busara: maji haya yashushwe chini kabisa, mbali na visima vya watu, mahali ambapo hakuna atakayeyaona tena. Mwaka 1961 mtambo wa kuchimbia ulishuka hadi mita 3,671. Ulizipita tabaka za mawe laini zilizolundikana kwa mamilioni ya miaka, ukaingia katika mwamba mkongwe ulio msingi wa bara lenyewe. Bomba la chuma lilishushwa karibu njia nzima, na mita kama 20 za mwisho zikaachwa wazi ili maji yapate pa kutokea. Mwamba ule, pamoja na ugumu wake wote, ulikuwa na nyufa. Kwa mtu mwenye maji ya kuficha, hiyo ilikuwa heri.

Tarehe 8 Machi 1962 pampu zikawashwa. Lita kama milioni 20 zikawa zinateremshwa kila mwezi.

Denver haukuwa mji wa matetemeko. Tetemeko lililobaki katika kumbukumbu za jimbo lile lilikuwa la mwaka 1882, na waliolihisi karibu wote walikuwa wamekwisha kuzikwa. Tarehe 24 Aprili 1962, siku 47 tangu pampu zilipoanza kunguruma, ardhi ilitikisika kidogo. Kisha ikatikisika tena. Vyombo vikagongana kabatini, watu wakatazamana, wakaendelea na chakula chao.

Grafu mbili

Waliokuwa wakihesabu walikuwa wachache. Chuo cha mapadri Wajesuiti cha Regis, kilichomo mjini Denver, kilikuwa na sismografu yake, ile mashine inayoandika kila mtikisiko wa ardhi. Chuo cha madini cha Colorado kilikuwa na kituo chake huko Bergen Park, milimani magharibi mwa mji. Kutokana na maandishi ya mashine hizo, mwanafunzi mmoja wa chuo cha madini alifanya kazi ya kutafuta kila tetemeko lilianzia wapi. Ramani yake ilishangaza: mengi yalianzia ndani ya kilomita nane hivi kutoka kisima cha jeshi. Kufikia mwisho wa Septemba 1965 yalikuwa yamehesabiwa matetemeko 710.

Mtu aliyeunganisha nukta hizo aliitwa David Evans, mwanajiolojia wa Denver aliyefanya kazi kama mshauri wa kujitegemea. Chombo chake kilikuwa kalamu na karatasi ya miraba. Alichukua kiasi cha maji kilichoshushwa kila mwezi, akakichora kama nguzo, mwezi baada ya mwezi. Juu yake akachora nguzo nyingine za idadi ya matetemeko ya miezi hiyo hiyo. Kisha akazitazama pamoja.

Mwaka 1962 na 1963, pampu zilipokuwa zikisukuma kwa nguvu, nguzo za matetemeko zilikuwa ndefu. Oktoba 1963 kazi ilisimamishwa kwa karibu mwaka mzima, na baada ya miezi michache nguzo za matetemeko zikafupika. Septemba 1964 maji yakaanza kuteremka tena, safari hii kwa uzito wake yenyewe bila kusukumwa, na ardhi ikabaki karibu tulivu. Aprili 1965 pampu zikarudi kazini kwa nguvu. Katikati ya mwaka huo nguzo za matetemeko zikapanda kuliko wakati wowote uliotangulia.

Novemba 1965 Evans alilitangaza jambo hilo hadharani, na mwaka uliofuata akalichapisha katika jarida la wanajiolojia wa eneo hilo, The Mountain Geologist. Mtu mmoja na grafu mbili walikuwa wanaliambia jeshi kwamba linautikisa mji.

Swali la wasioamini lilikuwa jepesi kuuliza: maji yana nguvu gani hata yasukume jabali la kilomita kadhaa? Hata lita milioni mia, ukizilinganisha na mwamba ulio chini ya Denver, ni sawa na kikombe cha chai mbele ya nyumba ya ghorofa. Jibu lilikuwa limeshaandikwa miaka sita kabla, na waliolijibu hawakuwa wakiwaza juu ya kisima chochote cha maji taka.

Bilauri iliyofudikizwa

Fanya jambo moja jikoni. Osha bilauri kwa maji ya moto, kisha uifudikize papo hapo juu ya meza laini iliyolowa. Ukiwa na bahati utaiona ikiteleza yenyewe, kana kwamba kuna mkono unaoivuta. Meza haijainama. Bilauri haijapungua uzito. Hewa iliyonaswa ndani imepata joto, imetanuka, na sasa inaibeba bilauri kutoka chini. Ukingo wa bilauri unaigusa meza kwa shida, na pasipo kugusana barabara hapana msuguano.

Mwaka 1959 Wamarekani wawili, Marion King Hubbert wa kampuni ya Shell na William Rubey wa Idara ya Jiolojia ya Marekani, walifanya jaribio la namna hiyo kwa kopo tupu la bia. Kopo lililosimama kwa upande wake mzima juu ya kioo kilicholowa lilihitaji kioo kiinamishwe nyuzi 17 ndipo liteleze. Kopo lilelile, likitolewa kwenye baridi kali na kufudikizwa kwa upande uliotobolewa, lilianza kushuka lilipopata joto, na kioo kikiwa kimeinama nyuzi moja tu.

Kilichowasumbua wawili hawa kilikuwa fumbo la milima. Wanajiolojia walikuwa wamekuta mahali pengi mabamba ya mawe yenye upana wa makumi ya kilomita yaliyosukumwa juu ya mawe mengine, kwenye mteremko mdogo sana, bila kuvunjika vipande. Kwa hesabu za msuguano wa kawaida, hilo haliwezekani. Hubbert na Rubey walisema lawezekana ikiwa maji yaliyonaswa katika vinyweleo vya mawe yana shinikizo kubwa la kutosha kubeba sehemu ya mzigo ulio juu yake. Bamba zima linakuwa kama ile bilauri.

Nao walikuwa wamesimama juu ya mabega ya mtu mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 mhandisi Karl Terzaghi, mzaliwa wa Prague, alikuwa akifundisha Istanbul na kuchunguza kwa nini majengo huzama katika udongo uliolowa. Aligundua kwamba mzigo wa jengo hubebwa na wawili: chembe za udongo na maji yaliyo kati yake. Sehemu inayobebwa na maji haisaidii kushikilia kitu. Kinachoushika udongo usiteleze ni kile tu kinachobaki juu ya chembe.

Sasa rudi kwenye ufa ulio chini ya ardhi, mahali ambapo mwamba ulishakatika zamani na pande mbili zimegandamana. Nguvu za dunia zinazozivuta pande hizo huku na huku zipo tayari, zimejikusanya kwa maelfu ya miaka. Kinachozizuia pande hizo zisiteleze ni uzito wa mawe yaliyo juu, unaozibana kama viganja viwili vilivyoshikana. Ukiingiza maji ndani ya ufa na kuyaongezea shinikizo, maji hayo yanazisukuma pande zote mbili, na mbano unapungua. Kikombe cha chai hakihitaji kuisukuma nyumba ya ghorofa. Kinalegeza tu mkono uliokuwa umeishika.

Pampu zazimwa, ardhi haitulii

Jeshi lilisimamisha kazi tarehe 20 Februari 1966. Jumla ya lita kama milioni 625 zilikuwa zimeshaingia kisimani. Ungetegemea hadithi iishie hapo: sababu imeondolewa, matokeo yakome.

Tarehe 10 Aprili 1967, zaidi ya mwaka mmoja tangu pampu zizimwe, lilipiga tetemeko la ukubwa wa 5.0. Katika majengo ya Arsenal yenyewe vioo 118 vya madirisha vilivunjika. Katika mji wa Boulder kuta zilifanya nyufa na shule zikawaruhusu watoto warudi nyumbani. Wabunge wa jimbo, waliokuwa ndani ya jengo la bunge mjini Denver, waliondoka haraka chini ya zile taa kubwa za kuning'inia wakihofu zitawaangukia.

Agosti 9 mwaka huohuo likaja jingine, la ukubwa wa 5.3, kubwa kuliko yote, likaharibu nyumba hasa katika kitongoji cha Northglenn. Mwishoni mwa Novemba likaja la 5.2. Matetemeko makubwa matatu yote yalikuja wakati hakuna hata tone moja lililokuwa likisukumwa.

Waswahili husema maji yakimwagika hayazoleki. Huko chini ya Denver methali hiyo ilikuwa fizikia tupu. Mwaka 1968 John Healy na wenzake, Rubey yule wa kopo la bia akiwa mmoja wao, walichapisha katika jarida la Science uchambuzi uliothibitisha kwamba Evans alikuwa sahihi. Matetemeko yalijipanga katika ukanda wenye urefu wa kilomita kama 10 na upana wa kilomita tatu hivi, kisima kikiwa ndani yake. Mwamba ulikuwa umepasukapasuka zamani kwa mwelekeo mmoja, na maji yakaufuata mwelekeo huo kama yanavyofuata mfereji.

Lakini kwa nini makubwa yalichelewa? Mwaka 1981 Paul Hsieh na John Bredehoeft walipiga hesabu ya jinsi shinikizo lilivyosafiri. Walikuta kwamba matetemeko yalitokea pale tu ambapo shinikizo lilikuwa limeongezeka kwa kiasi cha mara 32 hivi ya shinikizo la hewa tunayovuta. Pampu zilipozimwa, shinikizo karibu na kisima lilishuka. Mbali na kisima, lile lililokwisha kuingizwa lilikuwa bado likienea, likifikia sehemu za ufa ambazo hazijawahi kuguswa. Fikiria foleni ndefu mlangoni: aliye nyuma kabisa akisukuma kisha akaacha, msukumo huo bado unapita bega kwa bega hadi mbele, na anayeanguka mlangoni hamjui aliyeanzisha. Na kadiri eneo lililolegezwa lilivyopanuka, ndivyo kipande cha ufa kilichoweza kuteleza kwa mkupuo mmoja kilivyokuwa kikubwa zaidi.

Bomba la kufungua na kufunga

Makosa ya Denver yaliwapa wanasayansi wazo la kuthubutu. Ikiwa maji yanaweza kuanzisha matetemeko, je, yanaweza kuyazima?

Mahali pa kujaribia palipatikana katika jimbo hilohilo, upande wa kaskazini-magharibi, kwenye uwanja wa mafuta wa Rangely. Tangu mwaka 1957 maji yalikuwa yakisukumwa chini huko ili kuyatoa mafuta yaliyobaki, na kituo kimoja cha jimbo jirani la Utah kilikuwa kimeona matetemeko madogo yakitoka upande huo. Mwaka 1969 Idara ya Jiolojia ya Marekani ilipewa nafasi ya kutawala visima vilivyokuwa karibu na ufa. Barry Raleigh, Healy na Bredehoeft walizungushia eneo hilo mashine 14 za kupima mitikisiko. Vipande vya mwamba vilivyotolewa visimani vilipelekwa maabara kupimwa msuguano wake. Kutokana na vipimo hivyo wakatabiri namba moja: shinikizo la maji likipita mara 257 ya shinikizo la hewa, ufa utateleza; likiwa chini ya hapo, utashika.

Wakayasukuma maji, na matetemeko yakawa mengi. Novemba 1970 wakageuza kazi, wakaanza kuyatoa. Karibu na visima matetemeko yakakoma karibu kabisa. Wakasukuma tena hadi wakaipita ile namba, yakarudi. Mwaka 1973 wakaacha, yakakoma. Matokeo yalichapishwa mwaka 1976, na hadi leo ni miongoni mwa majaribio machache ambapo binadamu ameushika ufa wa ardhi kama mtu anavyoshika bomba la maji.

Kuna waliotamani kuipeleka mbinu hiyo kwenye nyufa kubwa za California, wautoe mkazo kidogokidogo kwa matetemeko madogo. Haikufanyika. Rangely ulikuwa ufa mdogo, uliopimwa kwa miaka mingi, chini ya nyika isiyo na mji. Anayeufungua ufa mkubwa hana hakika kwamba atapata matetemeko elfu madogo badala ya moja kubwa.

Mji uliofura

Wakati Evans akichora nguzo zake, upande wa pili wa bahari dunia yenyewe ilikuwa ikifanya jaribio lake bila msaada wa pampu.

Matsushiro ni mji mdogo wa Japani uliozungukwa na milima. Wakati wa vita jeshi la Japani lilichimba mahandaki marefu chini ya milima hiyo ili makao makuu ya mfalme yahamishiwe huko. Vita vikaisha kabla ya kuhama. Mwaka 1947 sehemu ya mahandaki ikapewa kazi ya amani: kituo cha kupima matetemeko. Agosti 1965 matetemeko yakaja chini ya kituo hichohicho. Kwa muda wa miaka miwili hivi zaidi ya matetemeko 60,000 yalihisiwa na watu. Tarehe 17 Aprili 1966 peke yake yalihisiwa 585, wastani wa moja kila dakika mbili na nusu, usiku na mchana.

Ardhi ilifura kama andazi ndani ya mafuta. Nyufa zikafunguka mashambani. Katika mwaka 1966 maji yakaanza kububujika kutoka kwenye nyufa hizo: maji ya chumvi, yenye hewa ukaa nyingi, tofauti kabisa na maji ya mvua na ya mito ya jirani. Septemba mteremko mmoja uliolowa ukaporomoka. Kwa jumla yalitoka maji kama mita za ujazo milioni 10. Maji hayo yalikuwa yamenaswa chini sana kwa shinikizo kubwa, yakapata njia, yakapanda yakilegeza ufa baada ya ufa. Yalipokwisha kutoka, mji ukapumua.

Denver ilionyesha kwamba binadamu anaweza kuyashusha maji yakaitikisa ardhi. Matsushiro ikaonyesha kwamba ardhi ina maji yake yenyewe, na huyapandisha bila kumwomba mtu ruhusa.

Ukuta na mfereji

Katika miongo iliyofuata wanajiolojia waliingia ndani ya nyufa za kale zilizofunuliwa na mmomonyoko, wakazipima sentimita kwa sentimita. Walikuta kwamba ufa si mstari mmoja. Katikati pana kiini, mara nyingi chembamba, ambapo mwamba umesagwa na mitelezo mingi hadi umekuwa unga na udongo laini. Kando ya kiini, kila upande, pana mwamba uliovunjikavunjika, wenye mipasuko inayopishana kama ya chungu kilichoanguka kisitawanyike.

Mwaka 1996 Jonathan Caine, James Evans (si yule wa Denver) na Craig Forster walieleza maana ya umbo hilo kwa maji. Udongo wa kiini huyazuia yasivuke kutoka upande mmoja kwenda wa pili, kama ukuta uliokandikwa. Mwamba uliovunjika kando yake huyapitisha kwa urefu, kama mfereji uliochimbwa ubavuni mwa ukuta huohuo. Ndiyo sababu chemchemi nyingi hujipanga juu ya nyufa, na ndiyo sababu pia shinikizo laweza kuwa kubwa upande mmoja na dogo upande wa pili, hatua chache tu kati yao.

Mtaalamu kutoka New Zealand, Richard Sibson, alikuwa ameshaongeza sehemu ya wakati. Kwa mujibu wake, ufa ni kama vali. Baada ya tetemeko, madini yaliyoyeyuka katika maji moto huganda ndani ya mipasuko na kuiziba. Maji yanayopanda kutoka chini hunaswa, shinikizo huongezeka mwaka hadi mwaka, mbano hulegea, hatimaye ufa huteleza. Mipasuko hufunguka, maji hupanda kwa kasi, shinikizo hushuka ghafla, na madini huganda upya. Kisha mzunguko huanza tena.

Mwaka 1988 yeye na wenzake wawili, François Robert na Howard Poulsen, walionyesha kwamba kumbukumbu ya mzunguko huo imeandikwa katika migodi ya dhahabu: ile mishipa ya kwatzi, jiwe jeupe linalong'aa, hujengwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likiwa ni mpasuko uliofunguka ukajazwa ukafunga. Shinikizo linaposhuka ghafla, maji hushindwa kuendelea kuibeba dhahabu, nayo hubaki hapo.

Hapa habari inatufikia sisi. Dhahabu ya Bulyanhulu, kusini mwa Ziwa Victoria, imo katika mishipa ya kwatzi iliyofuata mikanda ya kale ya miamba iliyoteleza. Mchimbaji mdogo wa Kanda ya Ziwa aliyemo ndani ya duara, yaani shimo la machimbo, taa kichwani na nyundo mkononi, akiufuata mkanda mweupe unaopinda ndani ya mwamba mweusi, mara nyingi anafuata njia ya maji. Nyingine kati ya njia hizo zilifunguliwa na matetemeko ya zaidi ya miaka bilioni mbili iliyopita.

Somo lililosahauliwa

Ungedhani baada ya Denver na Rangely hakuna atakayesukuma maji karibu na ufa bila kuuliza. Jimbo la Oklahoma, kabla ya mwaka 2009, lilikuwa likipata tetemeko moja au mawili kwa mwaka yenye ukubwa wa 3 au zaidi. Kisha makampuni ya mafuta yakaanza kushusha kwa wingi maji ya chumvi yanayotoka pamoja na mafuta. Mwaka 2011 tetemeko la ukubwa wa karibu 5.7 liliharibu nyumba katika mji wa Prague, jimboni humo. Mwaka 2015 yalihesabiwa matetemeko kama 900 ya ukubwa wa 3 kwenda juu. Serikali ya jimbo ikaamuru kiasi cha maji kipunguzwe, na idadi ikaanza kushuka, lakini Septemba 2016 lilikuja la 5.8 karibu na Pawnee, kubwa kuliko yote yaliyorekodiwa jimboni humo. Ulikuwa mwaka 1967 wa Denver umerudi.

Huko Korea Kusini, tarehe 15 Novemba 2017, tetemeko la ukubwa wa karibu 5.5 liliupiga mji wa Pohang. Jopo lililoundwa na serikali lilihitimisha mwaka 2019 kwamba chanzo kilikuwa maji yaliyosukumwa chini katika mradi wa umeme wa jotoardhi.

Afrika Mashariki nayo inaishi juu ya nyufa. Watu wa Goma na Kivu wanalo jina la hewa nzito inayotoka ardhini na kujikusanya mabondeni usiku: mazuku. Mbuzi huingia humo na hawatoki, na watu pia wamekufa humo. Mwaka 2016 timu ya watafiti ilichapisha vipimo vya hewa ukaa inayotoka kwenye nyufa za eneo la Magadi na Natron, mpakani mwa Kenya na Tanzania: tani kama milioni nne kwa mwaka. Matetemeko yaliyopimwa chini ya nyufa hizo yalianzia kina cha kilomita 15 hadi 30, dalili kwamba hewa hiyo inapanda kutoka chini sana, ikitumia njia ileile ambayo matetemeko yanaifungua. Vali ya Sibson inafanya kazi chini ya Bonde la Ufa sasa hivi.

Nasi tunachimba. Olkaria, nchini Kenya, inazalisha umeme kwa mvuke tangu mwaka 1981, na maji yaliyokwisha kutumika hurudishwa chini kwa visima. Ni jambo jema: hulinda mito na hulisha hifadhi ya mvuke isikauke. Tanzania nayo inautafuta mvuke huohuo huko Mbeya. Hakuna sababu ya kuuogopa umeme huu. Ipo sababu ya kuanza na mashine za kupima mitikisiko kabla ya tone la kwanza kushuka, ili tujue ardhi ilikuwaje kabla hatujaigusa, na ya kuwafungulia wananchi hesabu za kila mwezi kama zile alizozitumia Evans. Denver iliokolewa na mtu aliyepata namba mbili na kuziweka pamoja. Namba zikifichwa, hata mwenye akili ya Evans hawezi kitu.

Matetemeko ya Denver yalififia polepole hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Arsenal imesafishwa, na leo ni hifadhi ya taifa ambamo nyati wa Marekani wanakula majani palipokuwa na mabwawa ya sumu. Kisima kilizibwa moja kwa moja mwaka 1985. Sehemu kubwa ya zile lita milioni 625 ingali huko chini.